Kupanga nyumba ya likizo Unguja bila kujuta: mwongozo kamili, anza na maji

Mara ya kwanza tunapanga nyumba Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, badala ya kulala hoteli tulikuwa watu saba, mimi, mke wangu, watoto watatu, mama mkwe na mdogo wangu, na nyumba tuliichagua kwa picha. Picha zilikuwa nzuri kweli, maji ya bluu yamefika mpaka kwenye ngazi za baraza. Tumefika saa nne asubuhi, watoto wamevaa nguo za kuogelea toka kwenye gari, tunafungua mlango wa nyuma, hamna bahari. Ni mchanga mtupu na madimbwi, akina mama wanatembea kule mbali na magunia kichwani, na mawimbi yanaonekana kwenye mwamba kama uzi mweupe. Mzee anayetunza nyumba akatuambia kwa upole tu, "Maji yamekupwa wanangu, leo bamvua, njooni saa kumi." Tukasema basi tunywe chai kwanza. Chai ikawa na chumvi.

Mzee hakuwa na kosa na bahari haikuwa na kosa. Mwenye nyumba hakusema, na sisi hatukuuliza. Toka siku ile nimepanga nyumba za likizo karibu kila mwaka na ndugu na majirani wananiuliza sana, na jibu langu halijabadilika: anza na maji, ya bahari na ya bomba, mengine yote utayapanga ukishajua hayo mawili. Nitaongelea Unguja kwa sababu ndo ninapopajua, lakini ukienda Mafia, Diani au Kilifi maswali ni yaleyale, majibu ndo yanabadilika.

HATUA YA 1: Chagua upande wa kisiwa kabla hujachagua nyumba

Watu wengi wanaanza na nyumba, wanaipenda, wanalipa, alafu ndo wanaangalia iko wapi. Geuza. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali, unaweza kuogelea karibu muda wote, ila watu ni wengi na msimu ukikolea bei zinapanda kweli. Mashariki, kuanzia Matemwe, Kiwengwa, kushuka Bwejuu, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, mbele kuna mwamba na kati ya mwamba na ufukwe pana kina kifupi, kwa hiyo maji yakikupwa yanakwenda mbali sana na yakijaa yanarudi mpaka mlangoni. Ni pazuri mno, mimi napapenda kuliko pote, lakini lazima uende na saa ya bahari. Paje usiku kuna muziki na vijana, Jambiani na Bwejuu kumetulia zaidi. Ukitaka kuona jua linazama huku upo mashariki tafuta Michamvi upande wa Kae, kule unaangalia magharibi kwenye ghuba ya Chwaka.

Mji Mkongwe sio wa kuogelea, ni wa kutembea na kula. Nyumba za kule zina ngazi nyembamba zenye mwinuko mkali, ukiwa na mzazi mwenye magoti mabovu uliza chumba kiko ghorofa ya ngapi, usije ukamkuta mama amekaa chini siku nne kwa sababu kupanda hawezi.

HATUA YA 2: Panga tarehe kwa mwezi wa angani

Hiki ndo kitu ambacho natamani mtu angeniambia mapema. Bahari inajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti ya kimo inaweza kufika kama mita nne. Sasa Unguja siku za bamvua maji yanajaa mida ya saa kumi, alfajiri na jioni, na yanakupwa mida ya saa nne, asubuhi na usiku. Baada ya wiki moja, mwezi ukiwa nusu, inakuwa kinyume chake, yanajaa mida ya saa nne na kukupwa mida ya saa kumi, na hapo ni maji mafu, hayaendi mbali sana wala hayaji juu sana.

Kwa hiyo jiulize familia yako inataka nini. Mnataka kuamka, kunywa chai na kuingia majini asubuhi jua halijawa kali? Tafuta siku za maji mafu. Mnataka kutembea mpaka kule kwenye mwamba asubuhi, kuona mashamba ya mwani na nyota za bahari, alafu kuogelea jioni? Bamvua ndo yenyewe, hamtajuta. Fungua kalenda ya mwezi kwenye simu, au andika jina la kisiwa kwenye programu yoyote ya maji kujaa na kupwa, dakika mbili umemaliza.

Upepo nao una neno. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba mpaka mwanzoni mwa Machi, kusi kuanzia Juni mpaka Septemba, na hizo ndo miezi Paje inajaa watu wa kaiti, wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara kubwa. Wakati wa kusi boti ya kutoka Dar inaweza kuyumba vizuri tu, mwenye tumbo jepesi amnunulie dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, ameze mapema. Masika, Machi mpaka Mei, mvua inanyesha, sehemu nyingi zinafunga, bei zinashuka na wenye nyumba wanasikiliza. Mimi nishaenda mwezi wa tano mwanzoni, mvua ilinyesha usiku na mchana jua, lakini hiyo ni bahati, usiihesabie. Krismasi mpaka baada ya mwaka mpya, Julai na Agosti, sikukuu za Idi na zile siku za tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa pili, buku mapema. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya vijijini inafungwa mchana na sio vizuri kula hadharani, kwa hiyo nyumba yenye jiko inakuwa na faida kubwa kuliko hoteli, mnakula ndani kwenu kwa adabu na jioni mnapata futari tamu.

HATUA YA 3: Soma tangazo kama mtu anayenunua kiwanja

Picha ziangalie lakini zihesabu. Tangazo linasema vyumba vinne, picha za vitanda ni vitatu, uliza cha nne kikoje. Hamna picha ya choo, uliza. Hamna picha ya jiko, jiko litakuwa la sufuria mbili na kisu kisichokata. Bahari kwenye picha imejaa siku zote, hilo ushalijua sasa.

"Dakika mbili toka baharini" usiibebe hivyohivyo. Fungua Google Maps, weka picha ya setilaiti, tafuta hiyo nyumba ilipo na uone njia ya kwenda ufukweni inapita wapi, maana unaweza kukuta mbele kuna hoteli yenye ukuta mrefu na njia ya umma inazunguka nusu kilomita. Angalia pia jirani ni nani: baa, msikiti, ujenzi unaoendelea, shule. Adhana mimi hainisumbui hata kidogo, ila mtu mwingine mwenye mtoto mchanga angependa kujua.

Maoni ya waliotangulia anza na ya karibuni, na tafuta maneno matatu tu: maji, umeme, mbu. Nyumba yenye maoni mengi mazuri na mawili yanayolalamikia maji yakikatika mfululizo, amini yale mawili.

Paa la makuti ni zuri, nyumba inapoa bila AC, lakini linadondosha vumbi na wadudu kidogo, kwa hiyo vyandarua viwe vizima na vya kufunika kitanda chote. Na tafadhali, jiko la mkaa chini ya makuti hapana. Makuti yakishika moto hayangoji mtu akimbilie ndoo.

HATUA YA 4: Tuma maswali kwa maandishi

Usipige simu tu, andika, ili majibu yabaki. Mimi nina ujumbe wangu ambao naunakili kila mara, unaweza kuuchukua (Tukuza humo ndani ni kama LUKU, ila ya Zanzibar):

"Habari za leo, natumai hamjambo. Tumeipenda nyumba, tuko watu wazima wanne na watoto watatu, tunakuja tarehe fulani mpaka fulani. Samahani kwa maswali mengi. Maji ya bomba ni matamu au ya chumvi, na kuna tanki la akiba la lita ngapi? Maji ya kunywa mnaweka au tuje nayo? Umeme wa Tukuza mnanunua nyinyi au sisi, na AC imejumlishwa? Umeme ukikatika kuna jenereta, sola au inverta? Mtungi wa gesi ni wa kilo ngapi na utakuwa umejaa? Kuna mtu anayekaa hapo, mlinzi au mpishi, na malipo yake yamo kwenye bei? Usafi, kodi na tozo vimo? Bwawa lina uzio? Tukiahirisha hela inarudi kiasi gani? Ahsante sana."

Watu wanaona ni maswali mengi, lakini mwenye nyumba mzuri anayapenda, anajibu moja moja na anaongeza na vitu ambavyo hukuuliza. Anayejibu "usijali kila kitu kipo" muulize tena kwa upole. Akirudia "usijali", tafuta nyumba nyingine, ndo ushauri wangu.

Nieleze kidogo kuhusu maji ya chumvi maana watu wa bara hawaelewi. Visima vingi karibu na pwani vinaingiliwa na maji ya bahari, maji yanakuwa ya chumvichumvi. Kuoga unaoga, ila sabuni haitoi povu vizuri, nywele zinakuwa ngumu, na chai au wali ukipikia unaharibika. Sio sababu ya kuikataa nyumba. Ni sababu ya kujua kwamba kila kitu cha jikoni kinataka maji ya dukani, na kwa familia ya watu saba hiyo ni madumu kadhaa, sio chupa mbili za kwenye begi.

Umeme nao, AC ndo inakula uniti. Kuna nyumba uniti zimo kwenye bei, kuna nyumba unapewa namba ya mita unanunua mwenyewe, na kuna ile ya katikati, unapewa uniti kiasi fulani zikiisha unaendelea. Zote sawa, mradi ujue kabla. Feni nzuri na madirisha yanayopitisha upepo wa baharini usiku vinatosha kabisa miezi ya kusi. Januari na Februari hapana, joto lake sio la kujaribia.

HATUA YA 5: Hela

Ukibuku kupitia Airbnb, ile programu ya kupangisha nyumba, mwenye nyumba halipwi mpaka yapite kama masaa 24 baada ya muda wa wewe kuingia, na ukikuta tatizo kubwa unatakiwa utoe taarifa ndani ya masaa 72. Kwa hiyo siku ya kwanza usiseme "ngoja tuvumilie tutaona kesho". Piga picha, andika humo humo ndani ya programu. Kamera za ndani ya nyumba Airbnb ilizipiga marufuku tangu tarehe 30 Aprili 2024, za nje lazima zitajwe kwenye tangazo. Mtu akikwambia "tutoke nje ya programu nikupunguzie, tuma kwenye namba hii", unajua mwenyewe sisi Watanzania tumeshatumiwa huo ujumbe mara ngapi. Usitume.

Lakini najua wengi wetu tunapanga kwa kuunganishwa, fulani anamjua fulani mwenye nyumba Paje, na sio vibaya, mara nyingi ni bei nzuri zaidi. Hapo fanya hivi: omba vidio koli mtu akiwa ndani ya nyumba, mwambie afungue bomba la jikoni, awashe taa, atoke mpaka nje kwenye geti na barabarani. Anayesema "nipo safarini" aambiwe amtume mlinzi. Lipa dipoziti tu, isizidi nusu, na kabla ya kuthibitisha angalia jina linalotokea kwenye simu kama ni la mtu unayeongea naye. Muombe akuandikie ujumbe: amepokea kiasi gani, kwa tarehe zipi, imebaki kiasi gani.

Na piga hesabu yote, sio ya usiku mmoja. Tuseme nyumba ni laki mbili na nusu kwa usiku, siku nne milioni moja. Ongeza usafi, mpishi, uniti, maji ya kunywa, gari ya kwenda na kurudi. Gawanya kwa watu saba. Ndo ulinganishe na hoteli. Kwa watu wawili wa siku mbili mara nyingi hoteli inashinda, nasema ukweli. Nyumba inaanza kulipa mkiwa watano, sita na kuendelea.

HATUA YA 6: Njiani, nunua kabla hujafika

Boti ya kasi toka Dar ni kama masaa mawili, beba kitambulisho. Toka Mjini mpaka Paje ni kilomita 50 hivi, saa moja kwa gari, na daladala za Jambiani ni namba 309 kama mko wachache na mizigo midogo. Mkiwa na gari ya kukodi mwambieni dereva asimame soko la Mwanakwerekwe, nunueni mchele, vitunguu, nyanya, nazi, ndimu, ndizi, viungo, maana maduka ya vijijini yapo ila vitu ni vichache na bei sio ya soko. Samaki msinunue mjini. Mkipita msitu wa Jozani na muda upo simameni muwaone kima punju, hawapatikani popote duniani isipokuwa hapa Zanzibar.

HATUA YA 7: Saa ya kwanza ndani ya nyumba

Mizigo ikae mlangoni. Mmoja azunguke na simu achukue vidio ya kila chumba, ukuta wenye ufa, kiti kilichovunjika, mita ya umeme inasoma ngapi. Mwingine afungue mabomba yote na kuvuta maji chooni. Tikisa mtungi wa gesi. Funga milango na madirisha uone kama komeo zinashika. Onja maji. Tandua shuka moja uangalie godoro. Dakika ishirini, na kama kuna kitu kibovu mwite msimamizi mkiwa bado mna nguvu na yeye bado yupo, akishaondoka kumpata ni kesho.

Alafu kaeni naye. Muamkie, kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake, mpeni chai, muulizeni jina lake na kijiji chake. Huyo mtu anajua bahari inajaa saa ngapi bila kuangalia simu, anajua mvuvi gani anarudi saa ngapi na nani anapika pweza wa nazi vizuri. Yule mzee wa Jambiani aliyetuambia tuje saa kumi, jioni ile alikuja na kolekole mzima amemshika mkia, bado analowesha mchanga, akamkwangua magamba pale kwenye baraza huku anamfundisha mwanangu wa pili jinsi ya kuangalia matamvua, yakiwa mekundu samaki mzima, yakiwa ya kahawia mrudishie mwenyewe. Mwanangu sasa hivi yuko sekondari, akienda soko la samaki la Feri, Dar, na mama yake yeye ndo anafunua matamvua.

HATUA YA 8: Kuishi pale

Maji yakikupwa nendeni mkatembee lakini na viatu, raba za zamani au viatu vya majini, kandambili zinanasa kwenye matope. Kuna wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba mirefu kama sindano kwenye mawe, ukikanyaga utaumia, wenyeji wanapaka utomvu wa papai bichi. Zile kamba zilizofungwa kwenye vigingi ni mashamba ya mwani, ni kazi ya watu, akina mama wanainama pale masaa na masaa, msikanyage wala kuvuta, na kabla ya kuwapiga picha ombeni. Geukeni mapema. Maji yanaporudi yanajaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu, unaweza kuwa umesimama pakavu huku njia ya kurudi ishafika kiunoni. Watoto wasiende peke yao hata siku moja.

Kijijini funikeni mabega na magoti, nguo ya kuogelea iishie ufukweni. Mapapasi, wale vijana wanaouzia wageni safari, watakuja na safari za pomboo, viungo, ngalawa; wasalimie, ongea nao kama watu, kama hutaki sema "ahsante, leo hapana" na uendelee. Ukitaka safari muulize kwanza msimamizi bei halali ni ngapi.

Mpishi kama mnaweza mchukueni hata siku mbili. Likizo ambayo mama wa nyumba anapika milo mitatu ya watu saba, kwake sio likizo, ni kazi ileile na upepo wa bahari. Kubalianeni bei ya siku, nani ananunua vitu, na anaondoka saa ngapi.

Siku ya kuondoka

Asubuhi osheni vyombo, toeni takataka, pigeni picha ya mita, hesabuni funguo mkiwa na msimamizi na mzikabidhi mkononi kwake, na bakshishi mpeni yeye mwenyewe, msiache mezani mkidhani itamfikia. Unga, mafuta na mchele uliobaki muulizeni kama ataupenda, karibu kila mara ataupenda.

Na maoni andikeni, Airbnb inawapa siku 14. Msiandike tu "pazuri sana, tutarudi". Andikeni bomba la jikoni lina chumvi kiasi gani, tanki liliisha siku ya ngapi, mlikuwepo mwezi ukiwa wapi na maji yalijaa saa ngapi, na njia ya kwenda ufukweni inapita kwa nani. Kuna mtu huko Mwanza au Dodoma ana watoto watatu na anaangalia picha zilezile mlizoziangalia nyinyi.